Barua ya Kuuaga Umaskini
(Sehemu ya tisa)

Wiki nzima simu yangu haikupumzika. Kadi ya mgonjwa imekufaje? Nani kaiua? Kuna mmoja kanitukana kabisa, eti namkatisha utamu makusudi. Haya, bwana mkubwa, sogea. Tulimwacha Thoa dirishani pale hospitali ya wilaya, mkono mmoja umeshika kadi ya matibabu ya mumewe, mwingine umeng'ang'ania ukingo wa dirisha asianguke.

"Kadi hii haifanyi kazi tena, mama," karani alirudia. "Mmejitoa wenyewe."

"Tumejitoa wapi?"

"Kwenye kaya maskini. Imeandikwa hapa. Kaya ya Khoan, kitongoji cha Xom Lau, imejitoa kwa hiari, kwa barua. Tangu tarehe mosi ninyi si maskini."

Thoa alicheka. Hakujua la kufanya na uso wake, akacheka.

"Dada, hebu nitazame vizuri. Mimi nimeacha umaskini, halafu nisijue?"

Foleni nzima nyuma yake ikaangua kicheko. Bibi mmoja mwenye bandeji jichoni akapaza sauti: "Muulize umehamia wapi, na sisi tufunge mizigo!"

Karani hakucheka. "Mama, mimi nasoma kilichoandikwa. Ukilipa mwenyewe, mgonjwa anaingia sasa hivi. Usipolipa..." Akaishia hapo, akaanza kupanga karatasi ambazo zilikuwa zimeshapangwa.

Kulipa! Mara tatu kwa wiki Khoan alikuwa akilazwa kwenye mashine ya kusafisha damu, mwaka wa pili sasa. Shamba lao lote la muhogo, na nguruwe wao wawili, na pete ya Thoa aliyoachiwa na mama yake, visingewafikisha hata Tet, ule mwaka mpya wao. Kilichomweka Khoan hai ni kile kijikaratasi kigumu mkononi mwa mkewe. Kaya maskini hutibiwa bure, na kaya isiyo maskini hujitibu.

Na siku hiyo mambo yalikuwa mabaya zaidi. Jumatano walirudishwa kwa sababu umeme ulikatika. Maana yake Khoan hakuwa amesafishwa tangu Jumatatu, na sasa ilikuwa Ijumaa. Alikaa kwenye benchi, uso umepauka rangi ya majivu, miguu imevimba mpaka kandambili zimemkata.

Muuguzi alimvuta Thoa pembeni. Alikuwa binti mdogo lakini mkali.

"Mama, huyu hafiki Jumatatu na damu ile. Nisikilize. Kata yenu ikiandika kwamba jina limeondolewa kimakosa, ikagonga muhuri, mimi nampokea. Kitanda nakushikia mpaka saa tisa alasiri. Ikifika saa tisa nampa mtu mwingine, usinilaumu."

Ilikuwa saa tano na nusu asubuhi.

Thoa alirudi kwenye benchi mbio, akamwekea Khoan kadi mapajani. "Baba Lua, kaa hapa hapa. Nakwenda kuleta karatasi. Kuna mpumbavu kachezea jina letu."

"Thoa," Khoan alisema polepole, "twende zetu nyumbani."

"Nyumbani kufanya nini?"

"Kupumzika."

"Utapumzika ukishasafishwa. Usinyanyuke hapo, umenisikia?"

Khoan alikuwa anatazama kandambili zake. Wasomaji wangu, mtazameni huyo mtu vizuri, kwa sababu Thoa hakumtazama. Alikuwa na haraka.

* * *

"Xom Lau! Kimbiza!" alimwambia dereva wa pikipiki.

"Na barabara ilivyonyooka hii, dada? Dakika thelathini tu! Zamani tope lilikuwa linafika hapa," dereva akajigonga goti. "Haya ndiyo maendeleo."

Barabara ile Thoa aliijua kuliko dereva. Ilipopanuliwa, kila kaya iliombwa kujitolea kipande cha ardhi. Wao walijitolea mita mbili, na ndani ya mita mbili hizo kulikuwa na ukuta wa jiko. Tangu siku hiyo Thoa hupika chini ya turubai, huku malori ya mawe yanampita mgongoni yakielekea kwenye viwanda vipya.

Siku hiyo, kwa bahati mbaya au nzuri, wote wenye muhuri walikuwa Xom Lau. Kata ilikuwa inatunukiwa cheti cha kata ya mfano. Wageni wa mkoa wanakuja, ngoma, kuku, hotuba. Kwa wiki tatu kipaza sauti kilicho juu ya nguzo ya umeme kilikuwa kikitangaza kila alfajiri: uchumi wa nchi umekua tena, na Xom Lau imekua nao. Khoan alikuwa akivuta blanketi usoni na kusema, "Umekua? Basi utakuwa mrefu sana. Mbona ukipita hapa hatuuoni?" Thoa alikuwa akicheka mpaka anamwaga maji ya chai.

Kuna jambo moja kila mtu wa Xom Lau alilijua. Ili kata ipate cheti, kaya maskini za kitongoji hicho hazikutakiwa kuzidi kumi na mbili. Orodha iliyobandikwa kwenye ubao, nje ya ukumbi wa kitongoji, ilikuwa na kumi na tatu.

Thoa aliruka kutoka kwenye pikipiki kabla haijasimama. Akaenda moja kwa moja ubaoni. Karatasi ilikuwa mpya, nyeupe pee. Akahesabu kwa kidole.

Kumi na mbili.

* * *

Nyuma ya ukumbi wanawake walikuwa wanapika. Diep, mke wa mkuu wa kitongoji, alikuwa anakatakata kuku wa kuchemsha kwa panga fupi. Alipomwona Thoa, uso ulimchangamka.

"Weee, Thoa! Si leo ni siku ya hospitali? Njoo unisaidie, huu wali wao wa kunata unanishinda."

Kwa miaka ishirini na ushee wanawake hawa wawili walipandikiza mpunga bega kwa bega. Binti yake Lua alipozaliwa, Diep ndiye aliyemwogesha kwanza. Thoa alikuwa amekuja kumlilia. Alifungua mdomo aseme, "Mwenzangu, nisaidie, wametuondoa."

Hapo hapo akakumbuka friji.

Twende nyuma kidogo, haraka. Miezi miwili kabla, watu wa Toan, mchumba wa Lua, walileta posa. Watu wa mjini hao, wana duka la vigae. Diep alikuja mwenyewe asubuhi na mapema, kasimama mlangoni kwa Thoa mikono kiunoni: "Mwenzangu, nyumba haina hata friji? Watasema mtoto katoka kwa ombaomba. Chukua langu, utanirudishia jioni." Wanaume wanne wakalibeba. Runinga ikatoka kwa mwalimu, pikipiki kwa mpwa wa Khoan. Nyumba ikapendeza kweli kweli. Hakuna mtu Xom Lau ambaye hajawahi kuazima hivyo siku ya posa, ni jambo la kawaida, na jioni kila kitu hurudi kwao.

Wageni wakakaa. Chai ikamiminwa. Na mkuu wa kitongoji, Tuat, akaingia na vijana wawili wenye fomu.

"Samahanini sana, tunahesabu tu mali za kaya, endeleeni na yenu," alisema huku anatabasamu. Kisha akanyoosha kalamu. "Shemeji Thoa, friji hili ni lenu?"

Mama Toan alikuwa ameshika kikombe, anasubiri jibu. Lua alikuwa amekwisha kuwa mwekundu masikioni.

Angesema nini? Nawauliza ninyi mnaojifanya wajanja. Mngesema nini?

"Ndiyo," Thoa alijibu. "Ni letu."

Kalamu ikaandika. Siku ile Thoa alidhani Tuat anamsitiri mbele ya wageni, kwamba baadaye atalifuta. Alimpelekea hata mayai kumi ya bata kumshukuru.

Sasa alisimama mbele ya Diep, na panga fupi likawa linapanda na kushuka juu ya kuku.

"Diep, lile friji, nani alisema uniazime?"

Panga likasimama.

"Si ulikuwa na posa, Thoa. Nilikuhurumia."

"Nani alisema?"

Wanawake wengine wakaanza kuondoka mmoja mmoja, huyu kakumbuka maji, huyu kakumbuka sahani. Diep alijipangusa mikono kwenye nguo, mara ya kwanza, mara ya pili.

"Mume wangu alisema ukija kuazima nisikatae."

"Mimi sikuja kuazima. Wewe ndiye ulikuja."

"Alisema usipokuja, niende mimi." Sauti yake ilikuwa ndogo. "Thoa, nakuapia, sikujua ni ya nini. Nilijua jioni, nilipoona kaandika 'friji moja', na mimi ndiye niliyelisugua barafu asubuhi yake."

"Ulijua jioni. Na leo ni miezi miwili."

"Ningefanyaje? Ni mume wangu."

"Na wangu ni nani? Wangu si mume?" Thoa alipiga meza kwa kiganja. "Umeniuza, Diep. Mtu niliyekuwa namwachia ufunguo wa nyumba!"

"Kelele za nini, na wageni wako mlangoni?"

Tuat alikuwa amesimama mlangoni, suti ya kijivu, ua jekundu la karatasi kifuani. Yeye na Khoan walikuwa jeshini pamoja. Ndiyo maana alimwita Thoa shemeji, na ndiyo maana Thoa hakuwahi kumfungia mlango.

"Kaka Tuat, mwandikie daktari karatasi sasa hivi. Jina limetolewa kimakosa. Khoan yuko kwenye benchi anakufa."

"Kimakosa?" Tuat alishusha sauti. "Shemeji, alama zako za mali ni nyingi. Friji, runinga, pikipiki. Niliuliza, ukajibu mwenyewe, kuna mashahidi."

"Friji ni lako! Lipo kwako sasa hivi lina samaki wako!"

"Mimi naandika ninachojibiwa."

Thoa angemrukia. Nawaambia ukweli, panga lilikuwa pale mezani na alilitazama. Lakini saa ya ukutani ilionyesha saa sita na nusu, na huwezi kumpiga mtu ambaye unataka muhuri wake.

Tuat aliliona hilo. Akamsogelea.

"Sikia. Mimi si mnyama. Kaya moja tu ilizidi, shemeji. Moja! Watu mia nane wakose cheti, wakose daraja, wakose zahanati, kwa ajili ya kaya moja? Ungekuwa wewe ungefanyaje? Sasa, wageni wanataka kusikia kaya iliyojitoa kwa hiari. Nilikuwa nimepanga kijana asome barua yenu. Lakini umekuja mwenyewe, safi zaidi. Utapanda jukwaani, usome kwa sauti nzuri, utabasamu. Ukishuka, mwenyekiti wa kata anagonga muhuri hapo hapo. Khoan anatibiwa kwa mwezi mmoja."

"Mwezi mmoja, halafu?"

"Mwezi ni mwezi, shemeji. Kuna ambao hawana hata huo."

"Hiyo barua kaandika nani? Kaweka sahihi nani? Mimi sijaandika kitu!"

"Utaikuta mezani, penye kipaza sauti," Tuat alisema, akamrekebishia kola kama mtu wa nyumbani, akatoka.

* * *

Saa saba na nusu. Ukumbi umejaa, watu wamekaa mpaka madirishani. Mstari wa mbele wageni wa mkoa, kila mmoja na chupa yake ya maji. Mstari wa tatu, loo! Lua, katika vazi refu jekundu. Pembeni yake Toan, na pembeni ya Toan, Mama Toan na mkufu wake wa dhahabu. Tuat alikuwa amewaalika wakwe.

Pale mbele, karibu na kikombe cha chai cha mwenyekiti wa kata, kulikuwa na kimfuko chekundu. Thoa alijua kilichomo. Muhuri.

Tuat alishika kipaza sauti. Alisifu barabara, alisifu viwanda, alisifu uchumi. "Na ukuaji huu, ndugu wageni, haukuishia mjini. Umefika mpaka jikoni kwa mwananchi wa kawaida! Mtamsikia mwenyewe. Karibu, dada Thoa!"

Makofi. Thoa alipanda. Barua ilikuwa mezani ndani ya mfuko wa plastiki. Aliitoa, akajikaza, akaanza kusoma. Machozi yalikuwa yanamtanda, maneno aliyaona kwa shida.

"Mimi Khoan, mkuu wa kaya... Kwa kuwa nchi yetu imepiga hatua, na kitongoji chetu kimepiga hatua, familia yangu inaona haya kubaki nyuma..."

Mama Toan alikuwa anaitikia kwa kichwa, ameridhika.

"...Tunaomba tutolewe katika orodha ya kaya maskini, na nafasi yetu apewe mwenye shida kuliko sisi."

Hapo sauti ilikatika. Mwenye shida kuliko sisi! Aliona benchi. Aliona kandambili zimekata mguu. Alijaribu tena, "Mwenye shida ku...", ikakataa. Tuat akakohoa. Mwenyekiti akavuta kimfuko chekundu upande wake, hivi hivi tu, bila kumtazama.

Thoa akaiweka barua mezani.

"Friji nililoandikiwa ni la mkuu wa kitongoji," alisema.

Mstari wa mbele wakainua vichwa.

"Lina mkwaruzo ubavuni, mlango wa juu haufungi vizuri, mkewe anaubana kwa mpira. Nendeni mkaangalie, ni nyumba ya tatu kutoka hapa. Runinga ni ya mwalimu. Pikipiki ni ya mpwa wa mume wangu. Tuliazima kwa sababu ya posa ya mwanangu. Mama Toan, nisamehe, chai tu ndiyo ilikuwa yetu siku ile. Na mume wangu yuko hospitali, damu chafu, wamemfungia mlango kwa sababu ya friji ambalo halijawahi kulala kwangu hata siku moja!"

"Kipaza sauti!" Tuat alifoka. "Zimeni hicho kipaza sauti!"

Kikazimwa. Lakini nyuma kabisa mzee mmoja alikuwa ameshainuka. "Mimi nimeandikiwa pikipiki! Ni ya mkwe wangu, alikuja kunisalimia, akanywa chai akaondoka nayo!"

"Na mimi choo cha kisasa!" mama mwingine akadakia. "Kuna mlango tu! Ukiufungua unatazamana na nguruwe!"

Kicheko, miluzi, viti vinagongana. "Mimi wamehesabu ng'ombe wa jirani!" "Mimi wameandika mwanangu anatuma pesa, na sijui hata yuko wapi!" Wageni wa mkoa wakatazamana. Mama mmoja mwenye miwani, mkuu wa msafara, akaweka chini chupa yake ya maji.

Thoa alidhani ameshinda. Kwa dakika moja nzima alidhani hivyo.

Tuat hakutishika. Alipanda jukwaani taratibu, akaichukua barua, akainyanyua juu.

"Ndugu zangu, friji tuliache, kuhesabu kuna makosa yake. Lakini barua hii haikuandikwa ofisini. Dada Thoa, umeisoma lakini hukuitazama. Hebu itazame. Huujui mwandiko huu?"

Akamwekea chini ya macho.

Thoa alipangusa machozi kwa kiganja, akatazama.

Herufi za mviringo, zimelala kidogo kulia. Mikia mirefu iliyojikunja mwishoni. Mwandiko huo aliuona kila siku ya Mungu. Ulikuwa kwenye makopo ya dawa za Khoan, rafuni juu ya kitanda: asubuhi, mchana, jioni, usimeze na chai. Kila kopo Lua aliliandika kwa mkono wake, ili mama asikosee.

"Lua?"

Lua alikuwa ameshasimama.

"Lua, wewe ndiye umeandika hii? Ulijua baba yako anaishi kwa ile kadi, ukakaa chini ukaandika?"

"Mama, niliandika tu..."

"Uliandika tu!"

"Baba ndiye alinisomea!" Lua alilia kwa sauti. "Yeye alitaja, mimi nikaandika, akaweka sahihi! Wewe ulikuwa shamba. Baba mkubwa Tuat alikuja, akasema kadi ya hospitali haiguswi. Aliapa, mama! Alisema kinachotoka ni jina tu, pale ubaoni. Baba akasema basi na litoke. Alisema hataki siku ya harusi yangu kila mgeni apite hapo nje asome kwamba sisi ni maskini. Akaniambia, 'Mama yako asijue, atakataa.'"

Thoa alishika meza. Miaka ishirini na minne amelala na mtu yule kitanda kimoja. Kila kopo la dawa, kila mkojo, kila safari ya pikipiki alfajiri, yeye. Na jambo kama hili alifichwa yeye. Diep alijua, Tuat alijua, binti yake alijua, mumewe alijua. Pale dirishani asubuhi, alipokuwa anachekwa na foleni nzima, Khoan alikuwa kwenye benchi, anajua ni barua gani. Twende zetu nyumbani, alisema. Kumbe alikuwa anasema hivyo!

"Wamenifanya mjinga," alinong'ona. "Wote. Ndani ya nyumba yangu."

Yule mama mwenye miwani alikuwa amesimama. "Mkuu wa kitongoji," aliuliza, "ulimwambia mgonjwa kwamba kadi haiguswi?"

Tuat alianza kuikunja ile barua. Ua la karatasi lilikuwa limelegea, linaning'inia kifuani.

Mwenyekiti wa kata hakusubiri aulizwe yeye. Alivuta karatasi, akaandika mistari mitatu chapuchapu, akafungua kimfuko chekundu. Paa! Muhuri ukagongwa juu ya meza mpaka chai ikamwagika.

"Mpeni aende," alisema huku anatazama pembeni. "Jina limeondolewa kimakosa. Mpeni aende zake."

Thoa aliinyakua. Wino ulikuwa bado mbichi. Saa nane na robo! Dakika thelathini njiani, na robo saa inabaki. Aliruka kutoka jukwaani, akampita Diep mlangoni bila kumtazama, akampita Lua aliyenyoosha mikono amshike. Alikuwa na hasira na Khoan ambayo hajawahi kuwa nayo na mtu yeyote duniani. Kwanza asafishwe, alijiambia. Akishasafishwa, akishapata nguvu, nitamtukana mpaka ajute kuzaliwa.

Mama Toan alikuwa amesimama njiani, mkufu wake mkononi badala ya shingoni.

"Panda gari letu, mwenzangu. Pikipiki itakuchelewesha." Akashusha sauti. "Na usijali sana mambo ya friji. Hata gari lenyewe si letu. Tumeliazima kwa ajili ya leo."

Hapo simu ya Thoa ikalia. Ilikuwa namba ya hospitali.

"Ninayo!" Thoa alipiga kelele kabla muuguzi hajasema neno. "Ninayo karatasi, binti yangu, ina muhuri! Niko njiani! Mwambie mume wangu nakuja!"

"Mama, ndiyo nilikuwa nakupigia." Yule binti mkali sauti yake haikuwa kali tena. "Hayupo hapa kwenye benchi. Tumetafuta mpaka chooni. Ameondoka kama saa nzima iliyopita, kwa miguu, kandambili kaziacha."

"Kaenda wapi? Kasema anakwenda wapi?"

"Hakusema. Kadi yake kamwachia yule bibi mwenye bandeji jichoni. Kamwambia nafasi yake apewe mwenye shida kuliko yeye."